Maagizo kwa Apondi, Nikiwa Ugenya

Ufunguo uko chini ya jiko la tatu,
lile lililopasuka, tusilowasha tena.
Wape wengine kwanza.
Nasema wengine: Gavana mwenye sikio nusu,
Kijivu, Bi Harusi, na wale vijana wanne
wasio na jina wala haya.
Wamwagie matumbo ya samaki mtaroni,
wagombane, waparurane, wamalizane.
Kisha zunguka nyuma ya mapipa ya mafuta
na sufuria ndogo, mdomo umeufunga.

Yeye hapendi sauti.
Jina nilijaribu kumpa, likakataa kumshika.
Mimi humwita Wewe.

Mgongo wazi wake uchemshe, usiukaange.
Mafuta ya moto wa tatu tumewazoesha wateja,
si mzazi.
Chambua miiba. Chambua tena,
kwa kidole, maana jicho hudanganya.
Tia omena kiganja kimoja, mchuzi bila chumvi,
mchuzi mwingi:
maziwa hayakamuliwi kwenye mfupa mkavu.
Otiende wa mizani akiuliza
tangu lini Obunga paka akapikiwa
na watu wanalala njaa,
mwambie panya hawajatoboa gunia lake tangu Pasaka.
Akizidi, mwambie aningoje.

Weka sufuria, rudi hatua saba.
Tazama chini, kama aliyeangusha shilingi.
Ukimkodolea macho, usiku atawahamisha,
mmoja mmoja, kwa ukosi,
na tutaanza upya kutafuta na tochi ya simu,
kama juzi, tulipowakuta
ndani ya buti la mvua la Lumiti
naye amekwenda mjini na ndara.

Wako watatu. Walikuwa wanne.
Wa nne yuko penye majivu,
ndani ya mfuko wa unga, kilo moja.
Ulimtosha, ukabaki.

Alhamisi Daktari Shivachi atakuja na mtego wake wa waya.
Ni jambo jema, tuliliomba wenyewe,
tulichanga mia mbili mia mbili
ili wafungwe uzazi, tusije kuhesabu paka arubaini.
Gavana achukuliwe, hata kama ni usiku!
Lakini yeye bado.
Mara ile aliingia kwa njaa, mlango ukaanguka,
Shivachi akauinua mtego juu ya kichwa
nami nikaona tumbo kutoka chini:
manyoya yamelambwa yakaisha kandokando ya chuchu,
chuchu nyekundu, zimevimba,
na tone moja jeupe limening'inia kwenye waya.
Nikafungua. Sikuuliza mtu.
Alitoka kama jiwe la kombeo.
Siku tatu chakula kililiwa na siafu.
Ya nne alikuja, akakaa mbali,
akanipa mgongo, akala.
Nikajua nimesamehewa nusu.

Wiki nane, mwambie Shivachi, ndipo.
Ukutani, karibu na mizani, kuna mistari ya makaa.
Iko mitano. Jumapili chora wa sita.

Upepo wa ziwa ukianza kupiga mabati,
usikimbilie nguo zako kwanza.
Kuna gunia kavu nimelikunja juu ya friji mbovu.

Najua unavyoniona.
Mtu anakwenda kumzika dada yake
na kinywa kimejaa habari za paka.
Sawa.
Aloo alikuwa akinikatia sehemu yangu ya ugali
kabla wavulana hawajanawa,
akaificha chini ya ungo,
akasimama mlangoni na mwiko.
Huko niendako kuna masufuria ya watu mia tatu,
nitasonga, nitapakua, nitaitwa huku na huku,
na hakuna atakayerudi hatua saba
ili nile.

Sufuria yake ioshe kwa jivu, si kwa sabuni,
anaijua harufu.
Ufunguo rudisha chini ya jiko.
La tatu, Apondi. Si la pili,
la pili bado lina moto.